Bwana Anasikitika Kwamba Hatafika

Uganda kadi ya harusi haijibiwi. Inapokelewa kwa mikono miwili, karatasi yake inasifiwa, inachomekwa kwenye kona ya kioo cha kabati, na siku ikifika mtu anakwenda au haendi. Zile herufi za RSVP pale chini, za kuomba jibu, pamoja na namba mbili za simu, tunazihesabu kuwa pambo kama lile ua la dhahabu lililochorwa juu. Ukimuuliza mtu kama atakuja, atakwambia "tuko pamoja", na maneno hayo hayamfungi kwa lolote. Kamati nayo imeshazoea: inapikia watu wote inaowajua, kisha inaongeza sufuria mbili za wale isiowajua.

Mimi nilijibu.

Kadi ilitoka Bombo, mji wa kambi ya jeshi, kwa Baba Mkubwa, aliyekuwa anamwoza binti yake wa mwisho. Baba Mkubwa ni sajini mstaafu. Nyumba nzima huongea Kiswahili cha kambini, kile kilichoachwa na askari wa KAR, jeshi la Waingereza la enzi za ukoloni, na mwaka 2005 Katiba ilipokifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili ya nchi, yeye alisema serikali imechelewa kutii amri. Mtu wa namna hiyo humpuuzi. Kadi yake iliomba jibu mapema, nami tarehe ile nilikuwa na kontena za kufuatilia Mombasa, kwa kuwa kazi yangu ni uwakala wa forodha hapa Malaba, mpakani na Kenya.

Sasa, mwalimu wetu wa Kiingereza sekondari alitukaririsha namna ya kujibu mwaliko rasmi. Husemi "mimi", unajitaja kama mtu mwingine. Unashukuru kwanza. Ukiwa huendi, unasikitika, na sababu unaitaja kwa kifupi. Tena unajibu upesi, mwenye shughuli ajue ataweka sahani ngapi. Wazungu wengine hutia kabisa ndani ya bahasha kadi ndogo ya kujibia na stempu yake, mgeni asipate kisingizio. Basi nikakaa pale kwenye kizuizi cha mpaka, lori likiunguruma nyuma yangu, nikaandika kwa Kiswahili safi:

"Bwana Fulani wa Malaba anaishukuru familia kwa upendo wenu wote. Anasikitika kwamba hatakuwa pamoja nanyi siku hiyo, kwa sababu ya safari iliyokwisha kupangwa. Anawatakia kila la heri."

Hadi leo naisoma meseji ile na sioni kasoro.

Niliituma kwenye namba ya pili, ya katibu wa kamati, binti mmoja mwenye sauti nzuri ya kusomea. Bahati yangu ilivyo, kamati ilikuwa kikaoni, imefika pale mweka hazina anaposoma ahadi na wasiolipa wanainama kufunga kamba za viatu. Binti akasimama akaisoma kwa sauti. Nilihadithiwa baadaye kwamba kimya kilitanda, kisha Shangazi akauliza: "Kama yuko hai, mbona anaandikiwa na mtu mwingine?"

Swali hilo halikupata wa kulijibu. "Hatakuwa pamoja nanyi." "Safari iliyokwisha kupangwa." Mwanakamati mmoja akasema hata redioni matangazo ya vifo hayaandikwi kwa adabu kama hii. Wakanipigia. Anayeijua Malaba anajua kwamba ukisogea kidogo tu upande wa pili simu inanaswa na mtandao wa Kenya, na mimi siku hiyo nilishinda upande wa pili. Sipatikani. Wakapiga tena, sipatikani. Shangazi akaangua kilio. Beseni lililokuwa linazungushwa kwa ajili ya keki likazungushwa mara ya pili kwa ajili ya rambirambi, na hema la harusi likapangiwa kazi nyingine.

Jioni narudi nyumbani, nakuta watu uani. Mke wangu alikuwa amekwenda sokoni Tororo na hajarudi, kwa hiyo hapakuwa na wa kuwakanusha. Jirani yangu, ambaye ana deni langu la magunia ya saruji, alikuwa amevua shati anapasua kuni kwa bidii ambayo sijawahi kuiona kwake.

"Nishikie hilo gogo," akasema bila kuinua kichwa.

Nikalishika. Akapiga shoka mara mbili, gogo likapasuka. Nikauliza nani amefariki.

"Huyu mwenye nyumba. Mtu mwema sana. Tulikuwa hatudaiani."

Hapo nikaliachia gogo. Akainua macho. Shoka lilibaki pale pale, yeye nilimwona kesho yake mchana.

Nilipopata mtandao, simu ya kwanza ikawa ya Baba Mkubwa.

"Wewe iko wapi?"

"Niko Malaba, afande."

"Malaba juu ama Malaba chini?"

"Juu, afande."

Akavuta pumzi. "Basi wewe iko kuja harusi. Mimi nalia mbele ya watu, halafu wewe nasema iko na safari?"

Kontena za Mombasa alizifuata mwenzangu. Mimi nikapanda teksi ya Kampala. Pale Namawojjolo wauzaji walipoingiza mishikaki ya kuku hadi ndani ya dirisha, nilinunua miwili, nikala yote kwa hasira, kisha nikaunganisha gari la Bombo.

Nikaha ilikwenda vizuri, na bibi harusi alipendeza, sina la kusema. Tatizo lilikuwa hemani. Katika mamia ya watu, ambao hakuna hata mmoja aliyejibu kadi, ni mimi peke yangu niliyekosa kiti, maana katibu aliniondoa kwenye orodha. Wanawake wazee walinishika mashavu kuhakikisha. Mshereheshaji akanisimamisha nipunge mkono. Kisha mweka hazina akanivuta kando na daftari lake: rambirambi zangu zilikuwa zimezidi ahadi yangu, ameziingiza kwenye chakula, na mimi nahesabiwa nimemaliza kulipa. Huyo nilimkumbatia.

Wengine walielewa. Mmoja tu, mzee wa Luwero aliyetoa elfu ishirini, alinifuata kutoka hema hadi kwenye sufuria za pilau, kutoka sufuria hadi kwenye bomba la maji.

"Mimi sikuchangia harusi," alikuwa akisema. "Harusi nilichangia mbali. Hii ilikuwa ya msiba. Na msiba sijauona."

Nikampa kipande changu cha keki. Alikila chote amesimama, akajifuta vidole kwenye kanzu.

"Bado elfu kumi na nane," akasema.