Maduara mekundu kumi na moja

Jumanne usiku, saa nne na ushee, WhatsApp ikalia. Mteja. Ni chama kimoja cha akiba na mikopo ambacho jina lake nalihifadhi kwa sababu bado hawajamaliza kunilipa. Wametuma picha ya skrini ya tovuti niliyowajengea kwa kufuata mchoro wa mdizaini, imechorwa maduara mekundu kumi na moja, na chini yake swali: "Kaka, mbona si kama kwenye picha?"

Duara la kwanza: kichwa cha habari kimeshuka pikseli nne, vile vidoa vidogo vinavyounda skrini. Nne! Yaani mtu kakaa, kachukua dizaini ya Figma, programu ya kuchorea tovuti kabla hazijajengwa, kailaza juu ya ukurasa wangu, kaififisha mpaka vyote viwili vionekane, kisha kaanza kuwinda tofauti kama mtoto na ukurasa wa mafumbo gazetini. Bidii ya namna hiyo tungeiona siku ya kulipa ankara.

Haya, kabla sijachemka zaidi nikiri: kati ya yale kumi na moja, matatu ni makosa yangu. Palipotakiwa nafasi ya 24 niliweka 20, rangi moja niliikisia kwa jicho, na kichwa cha habari kweli kilikuwa kimeshuka. Sisi watu wa kodi (za kompyuta, si za TRA) tuna uvivu wetu na tunaupaka jina la "teknolojia hairuhusu". Nimerekebisha usiku uleule. Yale manane yaliyobaki ndiyo yamenikosesha usingizi.

Chukua duara la saba. Mdizaini kachora kitufe chenye upana wa pikseli 120 na kimo cha 44, ndani kaandika "Apply". Kinapendeza, sikatai. Lakini wanachama wa chama hiki ni mama lishe, bodaboda na walimu wa msingi. Tovuti ni ya Kiswahili, na maneno ya kitufe kanipa mama mwenyekiti kwa kinywa chake: "Wasilisha ombi la mkopo". Herufi tano zimegeuka ishirini na tatu ukihesabu na nafasi. Ondoa 16 za pembeni kila upande, unabaki na pikseli 88. Hapo linaingia "Wasilisha" na hewa kidogo, basi. Mistari mitatu ndani ya kimo cha 44: maandishi yanafura juu na chini kama andazi lililozidi hamira. Nikaufuta ule upana, kitufe kikajipima chenyewe kwa maneno yaliyomo, na badala ya `height`, kimo kisichobadilika, nikaweka `min-height`, kimo kinachoweza kuongezeka. Nikaona nimefanya kazi ya maana. Kumbe nimejitafutia duara: "Kitufe kimekuwa kirefu."

Kirefu kwa kulinganisha na nini? Na neno la Kiingereza ambalo hakuna mwanachama atakayeliona!

Ndivyo dizaini nzima ilivyo. Kisanduku cha salio kimechorwa kikiwa na "$50", wakati salio la kweli linasomeka TSh 1,250,000 na linataka nafasi yake. Jina la mwanachama kwenye mchoro ni "John Doe". Mwite Mwanahamisi, mwongeze jina la baba na la babu, uone kama mstari mmoja utatosha. Ujumbe wa kosa haukuchorwa kabisa, maana kwenye Figma hakuna anayekosea nywila. Halafu kitenzi chetu kinabeba sentensi nzima mgongoni: "Hatujakuthibitishia" ni neno moja, herufi kumi na tisa, halina pengo la kukatikia. Liweke kwenye safu nyembamba uone linavyotoboa ukuta na kutoka nje. Hayo yote mdizaini hakuyaona kwa sababu hakuandika hata neno moja la Kiswahili kwenye kazi ya Kiswahili. Hapo ndipo hasira yangu ilipo, wala si kwenye zile pikseli nne.

Shangazi yangu ana cherehani Tandika. Wateja wanamjia na picha ya gauni kwenye simu. Anaiangalia, anasema "nimeiona", kisha anavuta futi. Yuko dada mmoja aliyekataa kupimwa, akamtumia vipimo kwa meseji, na siku ya send-off gauni likagomea kwenye nyonga. Shangazi hakulaumiwa na mtu, maana kila aliyekuwepo anajua kwamba yule wa kwenye picha hana nyonga za Temeke. Dizaini ya upana wa 1440 ndiyo yule wa kwenye picha. Mwanachama wetu ana skrini ya 360 yenye ufa, herufi kazikuza mpaka mwisho, na amesimama juani Mbagala Rangi Tatu akitafuta salio lake kabla bando halijakata. (Kwa hiyo, mdizaini, yale maandishi ya kijivu cha #999 juu ya nyeupe utanisamehe, nimeyakoleza. Mwongozo wa tovuti kusomeka na watu wote unataka uwiano wa mwanga kati ya maandishi na rangi ya nyuma yake ufike 4.5, yako hayafiki hata 3.)

Na hili si jambo jipya. Håkon Wium Lie alipotoa pendekezo la CSS, lugha ya kupangia mwonekano wa kurasa za mtandao, Oktoba 1994, akiwa CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kule Ulaya, msomaji naye alipewa sauti juu ya mwonekano wa ukurasa, hakuachiwa mwandishi peke yake. Watu wakapuuza. Miaka ya tisini ikaisha wakiwa wanapanga kurasa kwa majedwali na vipicha vya pikseli moja visivyoonekana, ili ukurasa ukae kama gazeti. Mwaka 2010 mdizaini wa tovuti Ethan Marcotte akatueleza namna ya ukurasa kujinyoosha na kujikunja kwa kila skrini. Mwaka 2017 vivinjari vikubwa vikapokea CSS Grid, njia ya kupanga ukurasa kwa safu na mistari. Vifaa vyote tunavyo. Bado naletewa picha moja ya kompyuta na kuambiwa "ya simu utajiongeza".

Kuna programu niliyoijaribu inayogeuza dizaini kuwa kodi kwa kubofya mara moja. Ilipigilia kila kitu mahali pake kwa `position: absolute`, kama misumari ya jeneza. Kwa tangazo la siku mbili, sawa.

Jana mchana nimempigia mama mwenyekiti. Nimemwamkia, nikamwomba afungue tovuti kwenye simu yake mwenyewe, aache picha. Kimya kidogo. "Mbona huku iko vizuri?" Kisha akaniuliza, mwanangu, kwa nini tusiandike tu "Omba mkopo"? Herufi kumi. Nikaona aibu, maana hilo nilipaswa kulisema mimi tangu wiki ya kwanza.

Nimebadilisha. Kitufe sasa kina pikseli 117, kwa hiyo nasubiri duara la kumi na mbili.