Kijiti Kilipita Mikono Minne

Septemba 1960, mjini Roma, wasichana wanne wa chuo kimoja walivaa jezi ya Marekani wakaingia uwanjani kwa mbio za kupokezana vijiti, mita 100 mara nne. Martha Hudson alianza, akampa Lucinda Williams, Lucinda akampa Barbara Jones, Barbara akampa Wilma Rudolph. Makabidhiano ya mwisho yalikwenda kombo na Wilma nusura akidondoshe kijiti. Akakishika vizuri, akamfukuza Mjerumani, akampita. Saa ilisoma sekunde 44.5. Katika mchujo, wanne haohao walikuwa wameshaweka rekodi ya dunia ya sekunde 44.4.

Wote walitoka Tennessee A&I, chuo cha Weusi cha Nashville ambacho sasa kinaitwa Tennessee State University. Ukiwauliza wapenzi wa riadha leo ni nani walioshinda siku ile, wengi watakutajia jina moja tu.

Hapo ndipo ulipo ubishi unaozikumba kamati za heshima katika vyuo vya kihistoria vya Weusi, yaani vile vilivyoanzishwa kabla ya 1964 kwa lengo kuu la kuwasomesha Wamarekani Weusi. Vingi vina Ukumbi wa Heshima wa michezo, ingawa mara nyingi hauwi ukumbi wenyewe: ni ukuta wenye mabamba karibu na uwanja wa kikapu, orodha ya majina, na karamu moja kwa mwaka. Majina hupendekezwa, kamati hukaa, kura hupigwa. Je, aingie mtu mmoja mmoja au iingie timu nzima?

Wanaotetea mtu mmoja wana hoja nzito, na haifai kuipita juujuu. Rudolph alishinda medali tatu za dhahabu Roma, na mbili kati ya hizo, za mita 100 na mita 200, hakusaidiwa na mtu kuzikimbia. Utotoni alivaa chuma mguuni kwa sababu ya polio. Aliporudi kwao Clarksville, alikataa mapokezi ya kuwatenga Weusi na Weupe, na mji ukakubali. Gwaride lile na karamu yake vikawa shughuli za kwanza za aina hiyo mjini kuhudhuriwa na watu wa rangi zote pamoja. Si rahisi orodha ya majina kumi na mawili kuleta shinikizo la namna hiyo. Sura moja inayojulikana huvuta macho ya nchi, na aliye na sura hiyo anaweza kuweka sharti likasikilizwa. Leo Clarksville ina sanamu yake na barabara yenye jina lake, chuo kina bweni lenye jina lake, na mwaka 2004 Posta ya Marekani ilitoa stempu yenye picha yake.

Lakini hoja hiyo ina ufa, na ufa wenyewe ni Wyomia Tyus. Naye alikuwa mkimbiaji wa chuo hicho cha Tennessee, naye alifundishwa na kocha Ed Temple. Alishinda mita 100 Tokyo mwaka 1964, akashinda tena Mexico City mwaka 1968. Alikuwa binadamu wa kwanza, kwa wanawake na wanaume, kutetea taji hilo la Olimpiki na kubaki nalo. Carl Lewis alilifikia mwaka 1988. Hata hivyo jina lake halijawahi kukaribia umaarufu wa Rudolph. Kwa hiyo wanaosema heshima ya mtu mmoja hufuata kipimo cha saa, kisichopendelea mtu, watueleze saa ilimkosea wapi Tyus. Kamati ikipigia kura watu, huwa inapigia kura pia hadithi zao, picha zilizochapishwa magazetini, na nani alibahatika kukimbia mbele ya kamera za Roma.

Upande wa pili una mfano bora kuliko wote, nao umetoka chuo hichohicho. Mwaka 1957 timu ya kikapu ya Tennessee A&I, chini ya kocha John McLendon, ilitwaa ubingwa wa kitaifa wa NAIA, chama cha michezo cha vyuo vidogo vya Marekani, mjini Kansas City. Kilikuwa chuo cha kwanza cha Weusi kutwaa ubingwa wa taifa uliogombewa na vyuo vya Weusi na vya Weupe pamoja. Wakaurudia 1958, wakaurudia tena 1959. McLendon alikuwa amesoma Chuo Kikuu cha Kansas chini ya James Naismith mwenyewe, aliyeuvumbua mchezo, lakini kwa rangi yake hakuruhusiwa kuchezea timu ya chuo. Ukumbi wa Heshima wa kikapu wa Springfield, Massachusetts, wenye jina la Naismith, ulimwingiza McLendon mwaka 1979 kama mtu aliyechangia mchezo, ukamwingiza kama kocha mwaka 2016, akiwa amekwisha kufariki tangu 1999. Timu yenyewe iliingia 2019. Tangu taji la tatu hadi siku hiyo ilikuwa imepita miaka 60.

Kwa miaka mingi aliyelisukuma jambo hili ni Dick Barnett, mchezaji wa timu ile aliyekuja kutwaa mataji mawili ya NBA akiwa New York. Wala hakudai heshima yake. Alitaka ya wenzake. Anayesema timu ni kundi lisilo na sura atazame hapo: nyota mwenyewe aliona kwamba bila wale wengine habari haijakamilika.

Pamoja na hayo, heshima ya timu nayo ina kasoro yake, na watetezi wake hawapendi kuitaja. Timu ikiingia, kinachoingia ni maneno “Tennessee A&I, 1957 hadi 1959”. Majina hubaki kwenye karatasi ya programu ya usiku ule. Mtoto akipita ukutani miaka kumi baadaye haoni babu yake, anaona jina la chuo ambalo hata chuo chenyewe hakilitumii tena. Barnett aliingizwa Springfield kwa jina lake mwaka 2024, miaka mitano baada ya timu, akafariki Aprili 2025 akiwa na miaka 88. Laiti ya timu ingetosha, pasingekuwa na haja ya hiyo ya pili.

Msimamo wetu ni huu: timu iingie kwanza, lakini iingie kwa majina yote, na mtu binafsi aongezewe heshima kwa yale tu aliyoyafanya peke yake. Kulisema hilo ni rahisi. Kazi ngumu ni kuyapata majina, na hapo ndipo mengi huharibika.

Kosa la kwanza ni ndoa. Lucinda Williams akawa Lucinda Adams, Mae Faggs akawa Mae Starr, Edith McGuire akawa Edith Duvall, Madeline Manning akawa Madeline Mims, wote wakimbiaji wa Temple. Mtunza orodha asiyelijua hilo humwandika mtu mara mbili, au humtafuta kwa jina ambalo ameshaliacha miaka 50, akahitimisha kwamba hapatikani. Dawa yake ni daftari lenye safu mbili tangu mwanzo, jina la wakati wa mashindano na jina la sasa, na bamba libebe yote mawili.

Kosa la pili ni jina la chuo. Tennessee A&I iligeuka Tennessee State University mwaka 1968. North Carolina College ya Durham iligeuka North Carolina Central mwaka 1969. Ukitafuta nyaraka za 1956 kwa jina la leo, hupati kitu.

La tatu ni mwaka, na hili huwatega hata walio makini. Kitabu cha picha cha kila mwaka cha chuo hufungwa kabla ya wanafunzi kwenda likizo, na Olimpiki ya Roma ilikuwa Agosti na Septemba. Anayetafuta dhahabu za 1960 katika kitabu cha 1960 hatazikuta. Afungue cha 1961. Kikapu nacho msimu wake huvuka mwaka: taji la 1957 ni la msimu ulioanza mwishoni mwa 1956, kwa hiyo aliyejiunga na chuo Septemba 1957 hakuwamo, hata kama ukoo mzima unaamini alikuwamo. Kabla jina halijachongwa, lithibitishwe na vyanzo viwili visivyonakiliana: gazeti la wanafunzi, matokeo ya chama cha riadha cha AAU, au magazeti ya Weusi kama Chicago Defender, Pittsburgh Courier na Baltimore Afro-American, ambayo yaliandika habari za vyuo hivi wakati magazeti makubwa ya mijini yalikuwa yakizipa mistari miwili. Kwa wanawake hatua hii haina mbadala, kwa kuwa NCAA, chama kikuu cha michezo ya vyuo Marekani, ilianza kuwaandalia mashindano ya kitaifa msimu wa 1981 na 1982. Kumbukumbu zake hazina Tyus wala Rudolph.

La nne ni gumu zaidi: nani ni mwanamichezo wa chuo? Kikosi cha kupokezana vijiti cha Melbourne 1956, kilichopata shaba, husemwa kwamba chote kilikuwa cha Tennessee: Mae Faggs, Margaret Matthews, Isabelle Daniels na Wilma Rudolph. Ila Rudolph wakati huo alikuwa na miaka 16, bado yuko sekondari Clarksville. Alikuwa akija kwa Temple kufanya mazoezi ya kiangazi. Ukilishika neno “mwanafunzi” kwa ukali, kikosi kinabaki na watatu.

Wapo wanaotaka shahada iwe sharti. Nia yao ni njema, na Temple angewaunga mkono: kati ya wanariadha wake 40 waliofika Olimpiki, 39 walihitimu. Ukilitumia sharti hilo kwa wanaume wa kikapu, lakini, unamwangusha Barnett, aliyeondoka Nashville bila shahada, akasoma baadaye kwingine mpaka akapata udaktari katika Chuo Kikuu cha Fordham mwaka 1991. Sharti linalomtoa nje mtu aliyeirudisha timu nzima kwenye kumbukumbu halifai. Kigezo kiwe kuchezea chuo, na shahada itajwe kama sifa ya ziada.

Kenya nayo imo katika mjadala huu. Julius Sang na Robert Ouko, yule mwanariadha, si waziri, walisoma North Carolina Central, chuo alichofundisha riadha LeRoy Walker. Munich 1972 Sang alipata shaba ya mita 400. Aliyeshika dhahabu ni Vince Matthews wa Johnson C. Smith, chuo kingine cha Weusi cha jimbo hilohilo. Matthews na Wayne Collett wakafungiwa kwa namna walivyosimama jukwaani wakati wimbo wa taifa ukipigwa, adhabu iliyofutwa mwaka 2022, na Marekani ikakosa watu wa kutosha kwa vijiti vya mita 400 mara nne. Kenya ikachukua dhahabu kwa dakika 2 na sekunde 59.83: Charles Asati, Hezahiah Nyamau, Ouko, na Sang akimalizia. Wawili wa Durham, wawili hapana. Ukuta wa Durham una haki ya kuwachukua Ouko na Sang peke yao, kwa kuwa wengine hawakuwa wanafunzi wake. Usiiandike dhahabu ile, hata hivyo, kana kwamba ilikuwa ya watu wawili. Majina manne yaandikwe, na mawili yawekewe alama ya chuo.

Baada ya majina huja hesabu. Tuseme ukumbi huingiza watu sita kwa mwaka na timu ina wachezaji kumi na wawili: timu hiyo itakula nafasi za miaka miwili, na wapiga kura wa zama nyingine watanuna. Ndiyo maana timu ipewe nafasi yake nje ya zile sita. Ndani ya nafasi hiyo waingie wachezaji wa akiba, na yule mwanafunzi aliyebeba maji na kufua jezi. Bamba la shaba hulipiwa kwa ukubwa, kwa hiyo fundi atashauri herufi ndogo ili majina yote yatoshe. Yakatae mashauri hayo kama herufi zinakuwa ndogo kuliko za jina la mfadhili. Afadhali mabamba mawili ya kawaida kuliko moja zuri lisilosomeka kwa hatua mbili.

Foleni nayo ipangwe kwa umri, isipangwe kwa umaarufu. Aliyekuwa na miaka 20 Roma sasa amepita 80. Sanamu ya Temple ilizinduliwa Nashville Agosti 2015, yeye mwenyewe akiwapo, na mwaka uliofuata alifariki. Ingecheleweshwa kwa miezi kumi na minne, angeikosa. Kabla ya kulipia ukumbi wa karamu, bajeti ilipie tiketi mbili kwa kila mzee, yake na ya atakayemsindikiza, pamoja na njia ya kupanda jukwaani isiyo na ngazi. Familia isiuziwe meza ili mtu wake aitwe. Pale meza zinapouzwa, wenye ndugu wengi wenye uwezo huanza kuonekana wanastahili zaidi.

Na usiku wenyewe, wanne wa Roma waitwe kwa mpangilio waliokimbia, anayesoma awe ameyajaribu matamshi mchana: Martha Hudson kwanza, Wilma Rudolph mwisho, na kwa asiyekuwapo, kiti chake kikaliwe na mtu wa nyumbani kwake.