Kupuuza hakukunisaidia mimi

Hapo mnaposema mtoto mwenye selimundu, huu ugonjwa wa damu wa kurithi, akichekwa shuleni apuuze tu wenzake watachoka, hapana jamani, mimi nimekulia na ugonjwa huu hapa Uganda na nilipuuza miaka miwili nzima bweni na hakuna aliyechoka. Ati macho ya njano, ati nimekula dawa za wazee, na kibaya zaidi ni mkojo, watu hawajui selimundu inaharibu figo mpaka haziwezi kubana maji vizuri na huku daktari anakwambia kunywa maji mengi, sasa usiku unafanyaje, asubuhi godoro langu linaanikwa mbele ya bweni darasa zima linapita linaliona. Nikaanza kutokunywa maji ili nisichekwe, na hapo ndo maumivu ya mifupa yakanishika nikalazwa wiki nzima, kwa hiyo kuchekwa kwenyewe kulinipeleka hospitali. Kilichobadilisha mambo ni mama kumleta nesi akaongea na darasa, akawaambia utafiti wa Uganda uliotoka 2016 ulikuta watoto kama 13 kati ya 100 wana jeni ya selimundu waliyorithi bila kuumwa, yaani hata wao wanaocheka huenda wanayo, kukawa kimya! Matroni naye akakubali niamshwe saa sita na saa tisa, godoro likawa linaanikwa nyuma. Wazazi wenzangu mlio na watoto bweni, shule zenu zinakubali nesi aje kuongea na wanafunzi au wanawaambia mtoto avumilie tu?