Mjamzito na mazoezi: nani hasa aambiwe atembee?

Ua wetu hapa Kimara una wajawazito wawili. Wa kwanza anauza vitenge Kariakoo. Saa kumi na mbili asubuhi yuko kwenye mwendokasi, kisha stuli mpaka jioni: chapati mbili na chai, mchana wali, soda kila joto linapomzidi. Wa pili anafulia watu nguo. Maji yakikatika, na huku kwetu hukatika mara kwa mara, anapanda kilima na ndoo ya lita 20 kichwani, safari nne au tano. Kliniki yao ni moja, na wote wamerudi na maneno yaleyale: "Mama, fanya mazoezi, usinenepe sana."

Ushauri huo una msingi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unataka mjamzito asiye na matatizo apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Kutembea kwa haraka kunatosha, mradi aweze kuongea bila kukata pumzi. Ile hofu kwamba mtoto atazaliwa njiti haijathibitika kwa mama mwenye mimba isiyo na shida.

Tatizo linaanza pale mazoezi yanapouzwa kama dawa ya unene. Mwaka 2017 jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha uchambuzi uliojumlisha majaribio 36 na wajawazito zaidi ya 12,500. Waliosimamiwa chakula, mazoezi au vyote viwili waliongezeka pungufu ya wenzao kwa wastani wa gramu 700. Kilo moja haifiki! Si ajabu: nusu saa ya kutembea, na soda moja ya chupa inarudisha karibu yote. Ukimwahidi dada wa vitenge kwamba kutembea peke yake kutamzuia kunenepa, mizani itakuumbua, naye ataacha kutembea. Afadhali aambiwe faida anazoweza kuzipata kweli: sukari kwenye damu inatulia, hatari ya kisukari cha mimba inapungua, kiuno kinapata nafuu. Uzito wake aushughulikie kwanza kwenye sahani na kwenye soda.

Na uzito upi, hasa? Vipimo vya Marekani vya mwaka 2009, vinavyotumika sehemu nyingi, vinaanzia na mwili wa mama kabla ya mimba. Mwenye urefu wa mita 1.60 aliyeanza na kilo 74 anatakiwa aongezeke kilo 7 hadi 11.5. Aliyeanza akiwa mwembamba kupita kiasi anatakiwa aongezeke kilo 12.5 hadi 18. "Usinenepe" inaweza kumsaidia wa kwanza na kumwumiza wa pili.

Hapo ndipo ninapowaelewa wanaoshikilia kwamba mjamzito apumzike. Siwaungi mkono kwenye lile la "mnakula wawili", maana limewajaza wengi wali wa ziada bila mboga wala maharage. Ila kwenye mizigo wana hoja nzito. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulikuta asilimia 57 ya wajawazito nchini Tanzania wana upungufu wa damu. Upungufu ukiwa mkali, mazoezi yanasubiri. Vilevile kwa anayetokwa damu, mwenye kifafa cha mimba, au ambaye kondo la nyuma limeziba njia. Huyu anayefua amekonda, na macho yake meupe. Kumwambia aongeze mazoezi ni kutomwona kabisa. Anahitaji kupimwa damu, vidonge vya fefo (vya kuongeza damu) avimeze kweli, chakula cha kutosha, na mtu wa kumtua ndoo.

Mama mwenye nyumba wetu aliwahi kuwaambia wote wawili kibarazani. Kwa wa vitenge: "Usikae sana mwanangu, nyanyuka nyanyuka." Kwa wa pili: "Ndoo hiyo mwachie kijana." Hana cheti chochote, lakini alimtazama kila mmoja kabla ya kusema.

Muuguzi mwenye foleni ya akina mama tangu alfajiri hana nafasi hiyo, najua. Maswali mawili tu yangemtosha: kutwa unafanya nini, na kabla ya mimba ulikuwa na kilo ngapi? Kwa huyu wetu anayefua, la pili halina jibu. Alianza kliniki mimba ina miezi mitano, na uzito wake wa mwanzo haujaandikwa popote.