Gari la katuni halina vipimo, anayeliunda ndiye anayevitoa

Watu wanaoona magari madogo ninayoyaunda kutokana na filamu za katuni huniuliza swali moja kuliko mengine yote: michoro ya vipimo niliipata wapi? Wanadhani kwamba katika kabati fulani la studio iliyotengeneza filamu ile kuna karatasi inayoonyesha gari kwa mbele, kwa ubavu na kwa juu, na urefu wake umeandikwa kwa milimita. Karatasi zinazokaribiana na hizo zipo, kwa kuwa wachoraji wengi wanaofanya kazi pamoja huhitaji kielelezo cha kuwaongoza ili gari lisibadilike sura linapohama kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Lakini kielelezo hicho kiliandaliwa kwa ajili ya mchoraji. Humfundisha namna ya kulichora gari likatambulika, wala hakimwambii fundi kama dereva ataweza kukunja magoti akiwa ndani yake.

Kwa maoni yangu, niliyoyafikia baada ya miaka mingi ya kukata plastiki na kuitupa, anayeunda kwa mikono yake gari ambalo lipo kwenye katuni pekee hana cha kunakili, na kila kipimo anachokiweka ni uamuzi wake mwenyewe. Uamuzi ulio bora ni ule unaohifadhi uzito na mwendo wa gari lile kama mtazamaji alivyouhisi, hata kama modeli itakayopatikana hailingani na picha yoyote ya filamu. Nasema hivi nikijua kwamba wapo mafundi ninaowaheshimu wenye msimamo tofauti, ambao huisimamisha filamu kwenye picha moja, huipima kwa rula, kisha hujenga sawasawa na walichokipima.

Ugumu wa kutegemea picha moja unatokana na jinsi katuni inavyotengenezwa. Sekunde moja ya filamu ina picha 24, na katika katuni zilizochorwa kwa mkono mara nyingi kila mchoro hutumika kwa picha mbili, kwa hiyo macho hupokea michoro 12 hivi kwa sekunde, kila mmoja ukiwa umechorwa upya. Gari linapokata kona, bodi hulala upande kuliko springi yoyote inavyoweza kuruhusu. Linapofunga breki pua huinama na mkia hunyanyuka, na linapomjia mtazamaji boneti huvimba huku paa likisinyaa. Kioo cha mbele hupanuliwa ili nyuso za wahusika zionekane, kisha katika tukio linalofuata, wahusika wale wale wakizungumza ndani, unakuta kiti kina nafasi ya watu watatu ilhali kwa nje kibanda hicho hicho kinamtosha mmoja kwa shida. Mchoraji hakukosea mahali popote hapo. Alilipa kila tukio gari linalolihitaji, na jumla ya magari hayo yote ndiyo gari tunalolikumbuka.

Hili nilijifunza kwa lori dogo la kubebea mizigo kutoka filamu moja ya zamani. Nilichagua skeli ya 1/24, ambapo mtu wa sentimita 170 huwa na sentimita 7 na ushei, nikatafuta picha safi ya ubavu, nikakata kibanda kwa uangalifu wote niliokuwa nao. Kilipokamilika nilimketisha dereva niliyekuwa nimemchonga. Kichwa kiligota paa na magoti yakagonga dashibodi. Nilishusha kiti, na sasa dirishani ikabaki paji la uso tu, wakati katika filamu yule mzee huonekana hadi kifuani, kiwiko kikiwa nje. Nilikaa na kibanda kile wiki nzima kabla ya kukubali kwamba kilikuwa sahihi kwa rula na kilikuwa cha lori jingine. Cha pili nilikiongeza milimita 4 kwenda juu na 6 kwa upana. Hakuna picha hata moja ya filamu inayokubaliana na vipimo hivyo, na kila aliyeitazama filamu ile hulitambua lori mara tu anapoliona mezani.

Tangu hapo mimi huanza na mhusika. Nakisia kimo chake, natafuta matukio anayosimama karibu na mlango au tairi, kisha nalipima gari kwa mwili wake: gurudumu linamfika wapi, boneti iko usawa wa kiuno au wa kifua, akinyoosha mkono anaufikia ukingo wa paa au la. Vipimo hivyo hupishana, wakati mwingine sana, na hapa ndipo ninapotofautiana na wengi, kwani ushauri uliozoeleka ni kuchukua wastani. Wastani ni njia ya fundi kujitoa lawamani. Ukichanganya tukio ambalo gari linaonekana dogo na la kusikitisha, limeegeshwa chini ya ukuta mrefu, na tukio ambalo linakuja kwa ngurumo likijaza skrini nzima, utapata gari la kati na kati ambalo filamu haikuwahi kuwa nalo. Ni afadhali kuchagua tukio moja au mawili yanayobeba roho ya gari lile, ukajenga kwa ajili ya hayo, na ukawa tayari kulitetea chaguo lako mbele ya mtu atakayekuonyesha picha inayokupinga.

Mtu anaweza kudhani kwamba mambo ni rahisi pale filamu inapotumia gari la kweli. Fiat 500 ya manjano katika The Castle of Cagliostro, filamu ya mwaka 1979 iliyoongozwa na Hayao Miyazaki, ni mfano mzuri. Gari lenyewe linajulikana: lina urefu wa mita 2.97 hivi na upana wa mita 1.32, na Yasuo Otsuka, msimamizi wa uhuishaji wa filamu hiyo, alikuwa na Fiat 500 yake mwenyewe, kwa hiyo waliolichora walilijua kwa karibu. Kwa skeli ya 1/24 unapata modeli ya sentimita 12.4. Jenga kwa vipimo hivyo na utapata Fiat 500 nzuri, safi, inayostahili kabati la kioo. Lakini gari lile linalokimbizwa mlimani katika filamu huvimba, hujikunja na kujinyoosha, na lina ukaidi wa mnyama mdogo anayepanda mahali asipopaswa kupanda. Ukaidi huo haumo katika takwimu za kiwandani. Ungekuwa wangu, mradi huo ningeupanua kidogo kwenye mabega ya magurudumu, ningeinua nyuma kwa milimita moja na nusu, na nisingeomba radhi.

Miyazaki mwenyewe alitoa somo kama hilo katika Porco Rosso ya mwaka 1992. Ndege nyekundu ya majini katika filamu hiyo inaitwa Savoia S.21, na ndege yenye jina hilo iliwahi kuwepo, isipokuwa ilikuwa na mabawa mawili, moja juu ya jingine. Umbo tunaloliona kwenye filamu linafanana zaidi na Macchi M.33, iliyoshiriki mashindano ya Schneider, ya mbio za ndege za majini, mwaka 1925. Fundi atakayekimbilia michoro ya S.21 ya kweli atapotea kabisa, na atakayekimbilia ile ya M.33 atapata binamu yake tu.

Hata skeli zenyewe si takatifu kama tunavyozichukulia. Ile ya 1/35, ambayo leo imetawala modeli za magari ya kijeshi, ilitokana na modeli ya kifaru cha Panther iliyotolewa na Tamiya, kampuni ya modeli, mwanzoni mwa miaka ya 1960, ambayo ukubwa wake uliamuliwa na haja ya kutosheza betri na mota ndani. Ikiwa betri ziliruhusiwa kuamua, sioni kwa nini goti la dereva wangu lisiruhusiwe.

Uzito ndilo suala linalonishughulisha kuliko yote. Fiat 500 ile ya kweli ina karibu kilo 500, na kwa kuwa ukubwa ukigawanywa kwa 24 ujazo hugawanywa kwa 13,824, modeli ambayo ingekuwa na uzito wa haki ingefikia gramu 36 tu, sawa na yai dogo. Kitu cha gramu 36 hakibonyezi tairi lake wala hakilemei springi. Basi uzito lazima uchongwe. Mimi husugua sehemu ya tairi inayogusa ardhi kwa msasa hadi iwe bapa kwa upana wa milimita 2 hivi, kisha huongeza puti kidogo ubavuni ili tairi lionekane limefutuka kwa mzigo. Bodi huishusha kwenye ekseli kuliko mchoro unavyoonyesha, na ikiwa lori limepakia, nyuma hushuka zaidi ya mbele. Mabadiliko haya ni madogo kiasi kwamba mtazamaji hawezi kuyataja, ila yakikosekana gari huonekana kama limening'inizwa kwa uzi.

Plastiki nayo ina tabia ya kusaliti ukubwa wa kitu. Bapa la polistirini la milimita 0.5, ambalo mkononi ni jembamba kabisa, kwa skeli ya 1/24 ni sawa na bati la milimita 12, na hakuna gari lenye madigadi ya unene huo. Kwa hiyo kila ukingo unaoonekana, iwe madigadi, mlango uliofunguliwa au ukingo wa boneti, hukwanguliwa kwa ndani mpaka ncha yake iwe kali kama wembe, huku unene uliobaki nyuma yake ukiendelea kushikilia umbo. Ukataji wenyewe ni rahisi, kwani bapa huchanjwa mara mbili tatu kwa kufuata rula ya chuma, kisha hukunjwa livunjike penye mstari. Kazi inayokula siku ni hii ya kingo, na ndipo ninapoona tofauti kati ya modeli iliyoharakishwa na iliyopendwa.

Kuhusu vikorombwezo nina neno kali. Umekuwa mtindo kujaza modeli ya katuni ribiti, nyaya, mabomba na vipande vilivyotolewa katika seti nyingine, kana kwamba ufundi hupimwa kwa idadi ya vitu vilivyobandikwa. Macho hayana pazia, ni kweli, na mtazamaji atachungulia kila kona. Lakini mchoraji aliyelazimika kulichora gari lile mara elfu kadhaa alichagua mistari michache, na kila mstari aliouacha nje aliuacha kwa makusudi. Ubavu wa lori langu una mstari mmoja wa mlango, kitasa, na kovu moja refu la kutu. Niliongeza ribiti ishirini na nne, nikazitazama kwa siku mbili, nikazikwangua zote.

Wanaotumia printa za kujenga vitu kwa tabaka huniambia kwamba mjadala huu umepitwa na wakati, hasa kwa katuni za kompyuta ambazo gari lake tayari lina umbo kamili la kidijitali. Printa naikubali kwa rimu za magurudumu, ambazo zinapaswa kufanana zote nne, na kwa taa. Bodi siipi. Hata katika katuni za kompyuta, umbo lile la kidijitali hupindwa na kuvutwa tukio kwa tukio ili kamera iridhike, kwa hiyo faili moja inarudi kuwa ile picha moja niliyoilalamikia juu. Bodi ninayoikata kwa mkono hunilazimu kusimama kila baada ya dakika chache, kuishika usawa wa macho, kuigeuza na kuilinganisha na ninavyolikumbuka gari, na mara nyingi ni katika kusimama huko ndipo ninapogundua kwamba kioo cha mbele kimelala mno au mkia umekuwa mrefu.

Kwa sasa kuna pikipiki ya magurudumu matatu mezani kwangu, yenye sanduku la mizigo nyuma, kutoka filamu ambayo nimeitazama zaidi ya mara kumi. Katika matukio ya mwanzo gurudumu la mbele linamfika mwendeshaji gotini. Katika lile tukio la mvua, ambalo ndilo lililonifanya niipende, linamfika karibu na nyonga. Nimekata magurudumu yote mawili. La tukio la mvua ndilo nililoligundisha jana usiku.