Mita 18 za Unguja si Mita 18 za Kigoma

Shule zikikaribia kufungwa, Juni na Desemba, hapa Kigoma kuna swali ambalo siku hizi nalisikia sana kutoka kwa walimu, wauguzi na vijana wa benki wanaopanga safari ya Zanzibar: je, ni busara kumalizia kozi ya kuzamia kwa mtungi huko huko likizoni? Mimi nasema ndiyo, tena bila kusitasita. Nilimalizia yangu Unguja na sijutii hata shilingi moja. Ninachobishana nacho ni ile imani kwamba mtu akirudi na kadi mfukoni, basi Ziwa Tanganyika nalo amelimaliza. Cheti kinakuruhusu kuzamia katika mazingira yanayofanana na yale uliyofundishiwa, au yaliyo mepesi zaidi. Ziwa letu halifanani nayo, na kwa upepesi halina hata kidogo.

Nianze na kozi yenyewe. Kozi ya kwanza ya PADI (shirika la mafunzo ya kuzamia), ambayo ndiyo wengi hukutana nayo, ina nadharia, mazoezi katika maji tulivu kama bwawa, halafu mizamio minne ya maji ya wazi inayogawanywa katika siku mbili au zaidi. Miwili ya mwanzo haivuki mita 12, na kadi yako ikitoka inakufikisha mita 18. Lazima uogelee mita 200 bila kupumzika na kuelea dakika 10. Mtoto aliyekulia Kibirizi, hapa ufukweni mwa ziwa, akisikia sharti hilo atacheka. Ila yupo mtu mzima mwenye shahada mbili anayelikuta akiwa tayari amelipa.

Wengi hawajui kwamba sehemu hizo zinaweza kutenganishwa. Unasoma nadharia kwenye simu ukiwa Mwanga au Ujiji, jioni baada ya kazi, unafanya mazoezi ya bwawani kwa mkufunzi wa Dar es Salaam, kisha unaandikiwa fomu inayokutambulisha kwa mkufunzi mwingine, na una miezi 12 ya kwenda kufanya ile mizamio minne. Kwa mtu wa Kigoma sioni mpangilio bora kuliko huu. Umesafiri nusu ya nchi, umelipa boti, umelipa chumba, halafu uketi darasani Nungwi asubuhi nzima ukieleweshwa kwa nini hewa hujibana kadiri unavyoshuka, na bahari unaiona dirishani? Hayo ungeyasoma nyumbani huku umeme upo.

Kabla ya kuondoka ipo karatasi ninayotaka uipe uzito kuliko tiketi: dodoso la afya. Linauliza kuhusu pumu, moyo, masikio, upasuaji wa kifua, kifafa, ujauzito, dawa unazotumia. Ukijibu "ndiyo" mahali panapohusika, unatakiwa ulete ruhusa ya daktari. Nimewaona watu wakiteremka na kalamu, "hapana, hapana, hapana", kama wanajaza fomu ya kufungua laini ya simu, kwa sababu boti inaondoka saa mbili na daktari hayupo. Hapo ndipo likizo inapomharibia mtu kozi. Hakuna anayetaka kusikia kwamba pumu aliyokuwa nayo utotoni inahitaji kuchunguzwa, ilhali wenzake wameshavaa. Kwa hiyo lichukue dodoso mapema, lijaze kwako taratibu, na kama kuna "ndiyo" muone daktari wako hapa hapa Kigoma, ambaye faili lako analo. Na ukifika pwani na mafua, kubali kukaa ufukweni. Pua na masikio yaliyoziba hayasawazishi mgandamizo, na kulazimisha ni kutafuta kupasua ngoma ya sikio.

Bahari yenyewe ni mwalimu mzuri kwa anayeanza. Upande wa kisiwa cha Mnemba, kaskazini mashariki mwa Unguja, maji ni ya vuguvugu, mwanga unapenya, na mkufunzi anakutafutia mahali penye sakafu ya mchanga pasipo na kina kirefu. Unapiga magoti pale, unaingiza maji kwenye miwani kwa makusudi na kuyatoa kwa kupuliza puani. Unaitoa mdomoni reguleta, yaani kifaa cha kuvutia hewa ya mtungi, unaitafuta, unairudisha. Unajifanya hewa imekwisha na kuomba ya mwenzako. Sheria kuu inakuwa moja tu, usibane pumzi, maana hewa uliyoivuta chini hutanuka mapafuni ukipanda. Mtu wa bara atajifunza na jambo ambalo ziwani hatulijui kabisa: maji kujaa na kupwa. Ratiba ya boti inafuata bamvua na maji mafu, yaani siku za maji kujaa sana na siku za kujaa kidogo, na mkondo uliokuwa mpole asubuhi unaweza kukuvuta mchana. Kwetu maji yapo pale pale. Kinachotutisha sisi ni kusi la kiangazi.

Halafu kuna safari ya kurudi. Kila kitabu cha kuzamia kinasema usipande ndege mara tu baada ya kuzamia: kama umezamia zaidi ya mara moja, subiri walau saa 18. Sababu ni naitrojeni iliyoyeyuka mwilini. Inahitaji muda wa kutoka polepole, na ukipunguza mgandamizo ghafla inaweza kutoka kwa mapovu. Mtu wa Kigoma anasikia hivyo anasema, mimi sipandi ndege, narudi kwa treni. Sawa, lakini Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na treni ya SGR iliyoanza safari mwaka 2024 inakufikisha huko ndani ya saa chache tu kutoka Dar es Salaam. Mzamio wa asubuhi Unguja, boti ya mchana, treni ya jioni: umeshapanda zaidi ya kilomita moja kwenda juu, na siku haijaisha. Tabora nako ni mita kama 1,200. Zamani treni ilijichelewesha yenyewe na kutulinda pasipo sisi kujua. Kwa hiyo siku ya mwisho ya likizo iwe ya urojo wa Forodhani na kununua karafuu za kupeleka nyumbani. Mtungi uachwe.

Sasa umerudi. Mama mdogo wangu, anayeanika dagaa Kibirizi, aliposikia nilikokwenda aliniuliza, "Mwanangu, maji yote haya hujayaona, ukaenda kuyalipia Unguja?" Nikamwambia, "Shikamoo kwanza, mama." Akaitikia marahaba, akaendelea kugeuza dagaa, na swali lake likabaki pale pale. Ni swali zuri. Tunalo ziwa la pili kwa kina duniani baada ya Baikal, mita 1,470 sehemu yake ya chini kabisa, maji angavu, na zaidi ya aina 200 za samaki wa ukoo mmoja na sato na perege, wengi wao hawapatikani popote pengine. Wafuga samaki wa Ulaya wanamtambua frontosa wa Kigoma kwa mistari yake saba. Kuna aina ambayo dume hukusanya magamba matupu ya konokono, huyabeba kwa mdomo moja moja na kuyarundika, ili majike wadogo waingie ndani na kutaga. Ukikaa kimya kando ya rundo hilo dakika kumi utamsahau kasa wa Mnemba.

Lakini hesabu inabadilika. Uso wa ziwa uko mita 773 hivi juu ya usawa wa bahari, na kuzamia kokote juu ya mita 300 kunahesabiwa kuwa kuzamia mahali pa mwinuko. Hewa ya juu ya maji ni nyepesi kidogo, kwa hiyo unapopanda, mgandamizo unapungua kwa uwiano mkubwa zaidi. Ukiziweka mita 18 za hapa kwenye jedwali la bahari, lile linaloonyesha muda salama wa kukaa kila kina, zinapaswa kusomwa kama mita 19 au 20. Kompyuta nyingi za kuzamia hujirekebisha zenyewe, nyingine zinasubiri uziwekee mwinuko na kuziambia kama maji ni ya chumvi au ni maji baridi, yaani yasiyo na chumvi. Mwenye kadi ya wiki mbili hajui ya kwake ni ya aina gani, kwa kuwa kule Unguja aliazima.

Kinachonitia hofu zaidi ni vile vipande vizito vya madini ya risasi vinavyofungwa kiunoni. Maji ya chumvi yanakuinua kuliko maji baridi, ndiyo maana baharini unaongezewa uzito ili ushuke. Mtu wa kilo 80 pamoja na vifaa vyake, akija ziwani na uzito ule ule wa Unguja, amebeba kilo mbili au zaidi za bure. Pale Mnemba kosa hilo lingemkalisha mchangani, mkufunzi angekuja kumjazia hewa jaketi lake la kuelea, wangecheka. Kwenye majabali ya Bangwe na Katonga sehemu nyingi hazina sakafu ya kukukalisha. Mawe yanashuka, yanashuka, kisha yanapotelea kwenye bluu. Anayezama polepole bila kujua, huku akimtazama samaki mzuri, anaivuka mita 18 na kuendelea, na hewa yake inakwisha haraka zaidi kadiri anavyoshuka. Mwanga mwingi wa maji yetu unamdanganya, kwa sababu akitazama juu bado anauona uso wa maji kama uko karibu.

Baada ya hapo ndiyo yanafuata yale ambayo watu huniuliza kwanza. Mamba na kiboko wapo ziwani, waulize wavuvi wa ufukwe husika kabla ya kuvaa. Swila wa majini yupo pia, anajificha kwenye mawe na chakula chake ni samaki. Usimguse, usitie mkono kwenye pango. Kichocho kipo kwenye baadhi ya fukwe, hasa penye majani na maji yaliyotuama. Na ukipata mapovu ya naitrojeni, unahitaji oksijeni haraka na chumba cha mgandamizo. Kipo Zanzibar. Kutoka hapa maana yake ni ndege, yaani kupanda juu, jambo lile lile ulilokatazwa. Nikiyaweka yote haya kwenye mzani, ninamwambia mwenye kadi mpya asishuke hapa bila mtu mwenye uzoefu wa ziwa hili, aanze na mita chache, apime uzito wake upya, na jioni hiyo asipande gari la Kasulu, maana barabara ile inapanda tu.

Nakubali, kuna watu watasema namtisha mtalii wa ndani ambaye tumemwomba miaka yote aje. Sitaki aache. Nataka aje akiwa amemaliza kozi yake vizuri pwani, maana aliyejua kujisawazisha majini ataviona vitu hapa ambavyo huko hakuna.

Lakini hasira yangu kubwa haiko kwake. Iko kwenye jambo ambalo kila mtu wa ufukweni analijua: wapo vijana wa ziwa hili wanaozamia kwa kazi, wakikamata samaki wa mapambo wanaosafirishwa nje. Baadhi yao hawajawahi kukaa darasa lolote la kuzamia. Walifundishwa na kaka zao, wakashuka, wakapanda, wakashuka tena kwa sababu oda haijatimia. Maumivu ya viungo, ambayo huweza kuwa dalili ya yale mapovu, wanayaita baridi, wanajipaka dawa ya misuli, kesho wanarudi. Mimi niliyezamia kwa starehe nina kadi yenye picha, nina jedwali, nimefundishwa kupumzika dakika tatu kwenye mita tano kabla ya kutoka. Yeye anayekula kwa kuzamia hana. Hatuwezi kuendelea kuuona ujuzi huu kama mapambo ya likizo, wakati wanaouhitaji zaidi wapo hapa chini ya mlima.

Kwa hiyo, wewe mkufunzi wa Unguja au Mafia unayetafuta pa kwenda msimu wako ukilala kwa masika, panda uje Kigoma na mitungi yako michache. Watalii watakuja kwa muda wao. Waanze wavuvi wa samaki wa mapambo, wafundishwe kwa Kiswahili, kwa jedwali la mita 773 na si la bahari. Na ada yao wasilipe wao. Ailipe yule anayewanunulia samaki ufukweni na kuwauza ng'ambo.