Kibao cha Chapati cha Mama Mkwe

Fundi aliniambia kubadilisha oili ya gari ni shilingi 15,000, ufundi tu. Nikamwangalia kama mtu aliyeniomba figo. Kufungua nati moja, kumwaga, kufunga filta mpya, kumimina. 15,000? Nikanunua galoni langu la lita 4, filta na spana namba 14, nikarudi zangu Goba kifua mbele.

Usiku nikaangalia video ya Mzungu mmoja anafanya kazi hiyohiyo huku anakunywa kahawa. Mzungu yule alikuwa na sakafu ya saruji iliyonyooka kama meza, jeki ya magurudumu, na vile vistendi vya chuma vya kuegemezea gari. Mimi nilikuwa na kahawa.

Jumamosi mama Nuru akaenda kwenye kikao chao cha vikoba. Nyumbani tukabaki mimi, binti yangu Nuru, na mama mkwe aliyekuja kutoka Tanga wiki ile. Yeye yuko jikoni anakanda unga, mimi uani na gari langu, Toyota IST. Anayeijua Goba anajua, ukitaka mahali palipo sawa labda uegeshe juu ya paa. Na mvua za vuli zilikuwa zimepiga siku mbili mfululizo.

Nikatoa ile jeki ya kukunja inayokaa kwenye buti, nikaichomeka chini ya kizingiti cha mlango wa gari, upande wa dereva, nyuma kidogo ya tairi la mbele. Nikaanza kunyonga. Raundi ya kumi, ya ishirini, jasho linanitoka hadi kwenye viwiko. Nikainama nione nimefika wapi. Gari liko palepale. Jeki ndiyo imezama, udongo umeifika nusu. Saa zote hizo nilidhani napandisha gari, kumbe nazika jeki.

Nikahitaji kitu kigumu, kipana, cha kuweka chini yake. Na kitu hicho nilikuwa nakijua kilipo.

Mama mkwe hana imani na vyombo vya nyumba yangu. Kila akija huja na kibao chake cha kusukumia chapati, cha mviringo, cha mkangazi, amekifunga kwenye khanga kama mtoto mchanga. Alipoingia chumbani kuswali adhuhuri, nikanyata jikoni. Kurudi uani nikakutana na Nuru mlangoni, ananitazama mimi, anatazama kibao. Nikampa mia tano akae kimya. Akapokea kwa mikono miwili, kwa heshima zote.

Kibao kikakaa, jeki ikakaa juu, na safari hii gari likapanda kweli. Tairi likaachana na ardhi. Raha niliyoipata siwezi kuieleza. Kwa usalama (ndiyo, niliufikiria usalama) nikasimamisha tofali la inchi sita pembeni. Gia ilikuwa kwenye P, ile ya kuegeshea. Handbreki sikuivuta. Naendesha otomatiki mwaka wa nne huu, na kwangu handbreki ni mahali pa kutundikia mfuko wa mkate. Jiwe la kuzuia tairi la nyuma nalo nililiona, lakini lilikuwa mbali, hatua kama sita hivi.

Nikatandika boksi la friji, nikasogeza beseni, nikalala chali. Kichwa kikaingia, mabega yakaingia. Nati ya sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, naiona kwa macho yangu, naifikia kwa mkono.

"Baba Nuru!"

"Naam mama!"

"Mwanangu, kibao changu hukukiona?"

"Hapana mama. Labda watoto!"

Kimya kidogo. Nikaivalisha nati spana.

"Baba Nuru, hebu njoo unisaidie kutafuta. Unga utanikaukia huu."

Mama mkwe haambiwi subiri. Nikajivuta nje nikiguna chinichini, nikaenda jikoni kutafuta kibao ambacho nilikuwa nimekiwekea gari juu. Na nikatafuta kweli. Nikafungua makabati, nikanyanyua masufuria, nikachungulia nyuma ya mtungi wa gesi. Nikafungua hadi friji.

"Kwenye friji, baba?"

"Watoto wa siku hizi, mama, huwezi jua."

Hapo ndipo tukasikia *krrr*, halafu *puu*, kuku wa jirani wakapiga kelele.

Tulipotoka gari limerudi nyuma hatua nzima. Jeki imelala ubavu. Tofali limekuwa kokoto. Beseni limekuwa sinia. Nikapiga magoti, nikapima kwa mkono nafasi iliyobaki kati ya injini na boksi. Shibiri moja kasoro. Na kichwa changu mimi nakijua, kofia zote za dukani hunibana.

Nuru akanyoosha kidole. "Bibi, kibao kile pale." Mia tano yangu ikaishia hapo.

Mama mkwe akainama, akaokota nusu ya kwanza, akaokota nusu ya pili, akaziunganisha, akazitenganisha.

"Kumbe hakikuwa kwenye friji," akasema, akaingia ndani.

Nikampigia fundi. Akaja na bodaboda, akacheka mpaka akakaa juu ya ndoo. Kisha akauliza handbreki ilikuwaje. Nikamwambia niliweka P. Akanieleza kama anamweleza Nuru: P ya gari hili inakamata tairi za mbele tu. Ukinyanyua moja, hiyo iliyo hewani inazunguka kinyume, na mwenzake wa chini anapata ruhusa ya kutembea. Za nyuma zinashikwa na handbreki. "Wewe umemvalisha mbuzi kamba, hujaifunga popote." Nikalitaja tofali, akacheka upya. Tofali linabeba ukuta kwa sababu uzito umelalia upana wake wote. Ukilibebesha gari kwenye nukta moja halipindi kwanza likuonye, linapasuka tu.

Akasogeza gari hadi kwenye kipande pekee cha zege nilichonacho, mbele ya baraza. Akavuta handbreki, akakandamiza mawe tairi zote mbili za nyuma, akanyanyua kwa jeki yake, akaweka vistendi viwili, akateremsha gari hadi likavikalia. Halafu akalisukuma kwa bega huku na huku, kama anayemwamsha mlevi. Halikutikisika. Ndipo akaingia chini. Dakika ishirini kazi imekwisha. Bei ikawa 25,000, kwa kuwa nilimtoa gereji.

Jioni mama Nuru akarudi, akakuta chakula mezani. Akafunua hotpoti, akachukua chapati, akaigeuza, akachukua nyingine.

"Mama, mbona chapati za leo zote ni nusu duara?"

Mama mkwe alikuwa anamimina chai. Hakuinua hata macho.

"Muulize fundi."